Mama Rula na Wiki Tatu Njema

Basi lilinishusha kwenye kona yenye duka la vipuri vya baiskeli. Nilikuwa na begi moja, kikaratasi chenye namba kumi na mbili, na maelezo ya dereva yaliyokuwa mafupi kuliko pumzi yake: "Mtaa huu huu, nyoosha." Nimewahi kuuliza njia kwa lugha tano na nimepotea kwa zote tano, kwa hiyo siku hizi siulizi sana. Nahesabu. Mtaa ule ulikuwa na nyumba upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa ukuta mrefu wa bohari. Namba za milangoni zilikuwa zimefutika kwa jua na kwa rangi mpya zilizopakwa juu yake. Nikaanzia konani: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Nikapita mahali palipobomolewa, penye vifusi na majani yaliyoota bila kuulizwa na mtu, nikaendelea kuhesabu mpaka nyumba ya kumi na mbili. Nikapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, miwani ameipandisha kichwani na kalamu ameichomeka kwenye nywele kama kitu alichokisahau tangu asubuhi. Hakuuliza mimi ni nani. Alilitazama begi langu, akatazama nilikotoka, akacheka kwa pua.

"Umehesabu nyumba," akasema.

"Ndiyo. Hapa si kumi na mbili?"

"Hapa kumi na tano. Pale kwenye vifusi palikuwa na nyumba tatu, wakazibomoa kupitisha bomba kubwa la maji. Nyumba zimeondoka, lakini namba zake hazikupewa mtu mwingine. Wewe umehesabu kuta badala ya viwanja. Rudi nyuma milango mitatu."

"Samahani kwa usumbufu, mama."

"Usumbufu gani? Mwaka huu nimeletewa kitanda cha watu, mitungi ya gesi ya watu, na mchumba wa watu. Huyo mchumba nusura nimkaribishe ndani."

Nikarudi nyuma milango mitatu nikicheka peke yangu. Ndivyo nilivyokutana na Mama Rula, kabla ya kujua kwamba jina hilo halitajwi tena kwa wema katika nyumba niliyokuwa naiendea.

Namba kumi na mbili ilikuwa ya mshonaji mstaafu, mjane, aliyepangisha chumba cha mbele kwa wapita njia kama mimi. Mlango wake ulikwama, tukausukuma wote wawili, yeye kwa ndani akiuvuta na mimi kwa nje. "Nyumba njema si mlango, mwanangu," alisema ulipokubali kufunguka. "Pita." Ndani palikuwa safi mpaka nikaona haya kwa vumbi la viatu vyangu. Mezani alikaa kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, anafungua feni iliyoharibika. Skrubu alizipanga kwenye kisahani kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa.

"Huyu mwanangu," mama akasema. "Kiwandani wanamwita Mvuke."

"Walikuwa wananiita," kijana akasahihisha bila kuinua macho.

Nilikuwa nimeingia mji ule kusubiri kibali cha kuvuka mpaka. Ofisi iliniambia siku chache. Nimesubiri vibali sehemu nyingi, na najua kwamba "siku chache" ni kipimo kinachovutika kama mpira. Nikalipanga begi langu, nikakaribishwa chai, nikasimulia mlango niliougonga kwa makosa, na kabla kikombe hakijapoa nikawa nimeshajua kilichoikalia nyumba ile kifuani.

Mvuke alikuwa opereta wa mashine ya kuchemshia maziwa kwenye kiwanda kilicho nyuma ya bohari. Aliajiriwa katikati ya mwaka. Baadaye maduka yakaanza kurudisha paketi: maziwa yameganda, maziwa yananuka. Kila wiki zilirudi nyingi zaidi. Meneja akataka kujua tatizo limeanza lini, na kwenye korido ya kiwanda ikabandikwa grafu yenye nukta moja kwa kila wiki. Katikati ya grafu ulisimama mstari mmoja, na kando yake maneno mawili: opereta mpya. Kabla ya mstari nukta zilikuwa chini, zimetulia. Baada ya mstari zilipanda kama ngazi.

"Hawakuandika jina langu," Mvuke alisema. "Lakini opereta mpya ni nani pale, paka?"

Alisimamishwa kazi. Kikao cha kumwamulia kilipangwa Jumatatu. Akifukuzwa kwa uzembe, hakuna kiwanda kitakachomkabidhi mashine tena. Ataishia kutengeneza feni za majirani, na majirani hulipa kwa ahsante.

"Na aliyechora mstari huo ndiye huyo uliyeanza kumpigia hodi," mama akasema. "Huyo Rula. Miaka yote hapa tumepeana chumvi. Binti yake nimemshonea sare za shule tangu darasa la kwanza. Leo ananisalimu, mimi naitikia nikitazama ukuta."

"Mama, yeye ameambiwa achore, amechora," Mvuke akasema.

"Ameambiwa! Na mkono ni wa nani?"

Mvuke akaweka skrubu nyingine kisahanini. "Mimi ninachosema ni kimoja, na nimeshakisema mpaka mate yamenikauka. Wiki zangu tatu za kwanza zilikuwa njema. Paketi zilizorudi zilikuwa kama za siku zote. Nilizifuatilia mwenyewe kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa naogopa. Sasa wananionyesha grafu kwamba niligusa mashine leo, kesho maziwa yakaharibika. Hizo wiki tatu zimekwenda wapi?"

Akairudia kazi yake. Feni ilikuwa imelala mezani tumbo wazi.

Siku iliyofuata nilihitaji kuchapisha kurasa zangu za maombi ya kibali, na mtaa mzima ulikuwa na printa moja tu, nayo ilikuwa namba kumi na tano. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoka, maana mgeni mwenye akili hatembei kati ya nyumba mbili zilizonuniana bila kuaga. Alishona pindo lake mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Nenda. Karatasi haina ugomvi. Na ukifika, mwulize kwa niaba yangu hizo wiki tatu njema za mwanangu amezifanyia nini."

Mama Rula alinipokea kwa kicheko kile kile. Sebuleni kwake kulikuwa na meza mbili: moja ya kulia chakula, na nyingine, kubwa zaidi, ya kazi, yenye kompyuta, printa na rula ya mbao iliyolika pembe. Mume wake alikuwa muuguzi katika mji mwingine, anakuja kila mwisho wa mwezi. Binti yao yuko shule ya bweni. "Kwa hiyo nyumbani hapa tupo mimi na mistari," alisema.

Alianza kiwandani akiwa msichana, akipima madebe ya maziwa getini. Kila jioni aliandika uzito ubaoni, lakini aliona watu wanapita bila kusoma. Siku moja alichukua karatasi ya miraba, akaweka nukta, akachukua rula ya shule ya mdogo wake na kuvuta mstari mmoja wa kulala pale palipotakiwa kufikiwa. Watu wakasimama. Wafugaji wakaanza kuulizana nani yuko juu ya mstari na nani chini yake. Jina la Rula likamganda siku hiyo, na alipozaa likaongezewa Mama. Baadaye kiwanda kilileta kompyuta, wakampeleka mafunzo mafupi, na yaliyobaki akajifundisha mwenyewe kwa video, usiku mmoja anaelewa, usiku mwingine analia. Sasa hakuvuta tena mistari kwa mkono. Aliandika maagizo, kompyuta ikachora.

Akanifungulia kompyuta aone kama nitachoka. Sikuchoka. Nimeokota lugha nyingi njiani, lakini ile ya kwenye kioo sikuijua hata salamu yake: maneno mafupi, mabano, namba. Aliandika mstari mmoja wa maagizo, akabonyeza, na uwanja mweupe ukajaa nukta.

"Unaona nini?"

"Nukta."

"Unaona upele," alisema. "Nukta bila mstari ni upele tu, hujui kama mtu anaumwa au ameumwa na mbu. Sasa ngoja." Akaongeza agizo jingine. Mstari mwekundu ukalala kutoka kushoto hadi kulia. "Huu wa kulala ni kikomo. Paketi zikirudi zaidi ya hapa, kuna shida. Sasa macho yako yana mahali pa kushika." Akaongeza la tatu, na mstari mweusi ukasimama wima, kutoka chini mpaka juu. "Huu wa kusimama ni wa tarehe. Unakwambia, hapa kuna kitu kilitokea. Kilichobadilika kabla na baada utakiona mwenyewe."

"Na wa kuinama?"

"Upo, wa mshazari. Huo nautumia nikilinganisha mzani wa mfugaji na mzani wetu. Nukta zikikaa juu yake, wote tumesema kweli. Hazijawahi kukaa juu yake." Akacheka mwenyewe.

Nilijua mstari mweusi uliosimama kwenye kioo ni upi. Maneno mawili yaliandikwa kando yake. Nikasema, kwa upole niliouazima, kwamba mama wa namba kumi na mbili ana swali.

Kicheko kikamwishia usoni, lakini hakukasirika. Alivua miwani kichwani akaivaa.

"Najua swali lake. Wiki tatu njema." Akasogeza kiti. "Mgeni, yule kijana nimemwona anazaliwa. Nilipoutia mstari ule sikulala. Meneja alisema, tia mstari alipoanza opereta mpya. Nikauliza utawala ameanza lini, wakaniambia wiki ya ishirini na tatu. Nikaandika ishirini na tatu. Kompyuta ikachora. Tazama: huu mstari, na hapo hapo nukta zinaanza kupanda. Hakuna hata nukta moja njema mbele yake. Ningependa iwepo. Ningeichora kubwa kama sahani. Lakini nukta hazina shangazi wala mjomba."

"Yeye anasema alizifuatilia."

"Kila mtu hukumbuka mwanzo wake vizuri," alisema taratibu. "Hata mimi nakumbuka ndoa yangu ilianza bila ugomvi. Muulize mume wangu."

Printa ikaanza kutema kurasa zangu moja moja, kwa kikohozi. Ndipo mlango ukagongwa. Kwa sauti ya kugonga nilijua ni mtu mwenye mzigo.

Alikuwa muuza gesi, mtungi begani, jasho linamtiririka. "Namba kumi na mbili? Mama mshonaji?"

"Umehesabu nyumba," Mama Rula akamwambia, hata bila kusimama vizuri mlangoni.

"Nimehesabu kumi na mbili kamili, mama. Toka pale konani."

"Ndiyo, kumi na mbili kamili za kuta. Kuna tatu hazipo. Wewe umekwenda kwa nyumba ya kumi na mbili, hukwenda kwenye nyumba inayoitwa kumi na mbili. Rudi mila..."

Hakumaliza. Muuza gesi alisubiri neno limalizike, mtungi umemlemea. Mama Rula alikuwa amegeuka, anaitazama meza yake.

"Milango mitatu," nikamalizia mimi, na yule bwana akaondoka akinung'unika kuhusu mitaa ya siku hizi.

Mama Rula alirudi kwenye kiti polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Boila," alisema, si kwangu. "Mwanzoni mwa mwaka tulifunga kiwanda kutengeneza boila la mvuke. Hatukuzalisha. Hakuna kilichorudi kwa sababu hakuna kilichotoka."

"Mlifunga muda gani?"

Alishageukia kompyuta. Alikuwa anaandika. Baadaye alinieleza nikaelewa, na nitalieleza kama alivyolieleza. Wiki tatu zilizofungwa, ya tisa mpaka ya kumi na moja, hazikuwa na nukta, kwa hiyo kwenye grafu hazikupewa hata nafasi. Wiki ya nane ilikaa begani mwa wiki ya kumi na mbili kama jirani yake wa kuzaliwa. Na wiki hizo alikuwa ameziandika kama majina, si kama namba. Kompyuta ikipewa majina, huyapanga foleni tu. Ukiiambia isimame kwenye ishirini na tatu, inakwenda kwa aliye wa ishirini na tatu kwenye foleni, haimwulizi anaitwa nani. Angeweza kuliona mapema, kwa sababu majina ya wiki huandikwa chini ya nukta. Lakini yalikuwa yanapandana na kuchafua karatasi, naye hapendi uchafu. Akayafuta, akaandika kwa unadhifu: wiki hadi wiki.

Sasa aliyarudisha. Yakajaa chini ya grafu, yamebanana kama meno ya kitana, machafu kabisa. Akaweka kidole kwenye kioo pale mstari mweusi uliposimama, akakishusha mpaka chini, akainamisha uso mpaka miwani ikakaribia kugusa.

"Ishirini na sita," akasoma.

Akarudia: ishirini na sita, si ishirini na tatu. Printa nayo ilikuwa imemaliza.

Akaandika tena, mara hii akizipa wiki namba zake na kuziacha zile zilizofungwa zikae wazi, pengo la watu watatu kwenye foleni. Akabonyeza. Nukta zikajitenga, pengo likaonekana, na mstari mweusi ukasogea kushoto. Baada yake, kabla ya ngazi kuanza, zilikaa nukta tatu, chini ya kikomo, zimetulia kama kuku waliolala.

"Hizo hapo," Mama Rula alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mstari wa kulala hauna kosa, ule unasoma namba. Huu wa kusimama ndio umehesabu nyumba. Mimi ninayewarudisha watu milango mitatu kila siku."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Alichapisha karatasi mbili, ya kwanza yenye mstari wa zamani na majina machafu chini yake, ya pili yenye mstari mpya. Nilifikiri ataenda kiwandani. Alivaa kandambili, akatoka, akarudi nyuma milango mitatu. Mimi nilimfuata kwa mbali na kurasa zangu, maana na mimi ndiko nilikokuwa nakaa.

Mlango ulikwama kama kawaida. Mama mshonaji alipomwona nani anausukuma kwa nje, akaacha kuuvuta. Mlango ukabaki nusu, mmoja huku, mwingine kule.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," mama akaitikia, macho ukutani.

"Nimezipata wiki tatu za mwanao. Nilizificha mimi. Sikujua kama nimezificha, lakini mkono ni wangu."

Mama mshonaji akauacha ukuta, akamtazama. Kisha akauvuta mlango kwa nguvu zake zote, ukafunguka na kumwingiza Mama Rula ndani kwa kasi mpaka karatasi zikaanguka. Mvuke akaziokota. Alizitandaza mezani, kando ya feni, akazitazama moja baada ya nyingine, akaweka skrubu tatu ndogo juu ya nukta tatu.

"Nilisema," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulisema, mdogo wangu. Nikakujibu kwa grafu."

"Sasa Jumatatu utamwambia nini meneja?" Mvuke akauliza. "Atakula nyama yako mbichi."

"Anile. Mimi mgumu, atavunjika meno."

Sikuwepo kwenye kikao. Niliyoyapata niliyapata jioni ile ya Jumatatu katika meza ile ile, feni sasa inazunguka. Mvuke aliigiza meneja akiwa amesimama, tumbo limetolewa mbele, kidole juu.

"'Kwa hiyo, Mama Rula, mstari umetembea?'"

"Nikamwambia haukutembea, uliwekwa pabaya," Mama Rula alidakia, kikombe mkononi.

"'Na nani?'"

"Na mimi."

"'Basi ufute mstari wote, tuanze upya.'" Mvuke akaketi, maana sehemu iliyobaki hakutaka kuiigiza peke yake. "Dada hapa akakataa. Akasema mistari iwe miwili. Mmoja pale nilipoanza mimi, mwingine pale nukta zinapoanza kupanda, halafu kila mtu aseme wiki hiyo kulibadilika nini. Meneja akamgeukia kila mmoja. Ndipo bwana wa stoo akakohoa, akasema wiki hiyo ndiyo tulianza kutumia plastiki mpya ya paketi."

"Kwa hiyo ni plastiki," mama akasema, akipiga paja.

"Hatujui, mama," Mama Rula akasema.

"Hamjui vipi? Mstari si unaonyesha!"

"Mstari ulimwonyesha na huyu. Ukaona ulivyokuwa." Akaweka kikombe chini. "Plastiki imepelekwa kupimwa. Mstari unasema tu, tazama hapa. Hausemi ni nani. Mimi nilisahau hilo, na watu wa korido walisahau zaidi."

Mvuke alirudishwa kazini siku iliyofuata, bila sherehe na bila samahani ya maandishi. Aliambiwa tu kwamba mashine yake inamsubiri na boila linavuja. Alitoka akipiga mluzi. Mpaka naandika haya, majibu ya plastiki hayajatoka.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, na nafikiri kila mtu mtaani alidhani hivyo, isipokuwa mmoja. Mama Rula alianza kupunguza kula. Mama mshonaji, ambaye sasa alikuwa anamletea chumvi hata kama haikuombwa, ndiye aliyemwuliza.

"Mwanangu, umepata lako, umesafisha la mtu. Sasa nini tena?"

Ndipo akasema. Kampuni ilikuwa na matawi mengine manne, na mwaka uliopita aliwatumia wote maagizo yake, yale yale, kwa fahari, ili kila korido iwe na grafu kama yake. Na kila tawi lina wiki zake ilizofunga.

"Si uwaandikie?" nikauliza.

"Nimewaandikia. Wawili hawajajibu. Wawili wamejibu: kwetu iko sawa, dada." Akatabasamu bila furaha. "Hata mimi kwangu ilikuwa sawa. Grafu mbaya ungeiona. Hii ni nadhifu. Huko pia kuna mistari imesimama juu ya watu, na mtu wa huko hana mama wa kutuma mgeni kuuliza."

Kiwandani walikuwa wameanza kumtania: Mama Rula, leo mstari umelala kwa nani? Alitabasamu akapita. Mvuke alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye akajibu kwamba ni kweli, lakini mhunzi aliyegawa makoleo mabovu kwa mafundi wenzake lazima akayakusanye. Akaomba ruhusa kwa meneja. Meneja, ambaye alishaona kwamba mwanamke huyu hafutiki, alimruhusu kwa sharti asigharimu kitu: apande lori la maziwa linalozunguka matawi.

Alikuwa hajawahi kusafiri mbali kuliko kwa mume wake. Usiku wa mwisho alinijia na begi, akanitaka nimfundishe kufunga. Nilitoa nusu ya vitu alivyopanga. Alirudisha rula ya mbao.

"Huko utatumia kompyuta," nikamwambia.

"Wewe hutembei na kamusi ya lugha unayoijua?"

Nikafunga zipu, maana ya kwangu natembea nayo.

Asubuhi lori lilisimama mbele ya namba kumi na tano, bila kuhesabu kitu, dereva anamjua. Mama mshonaji alileta mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, akaviweka mwenyewe kwenye kiti cha mbele.

"Usiyale yote kabla ya tawi la kwanza. Na ukifika kwa watu usianze na kosa lao. Anza na salamu."

"Nitaanza na kosa langu, mama. Ndilo walilo nalo."

"Haya. Lakini salamu kwanza."

Mvuke alimpandishia begi. Mama Rula, mguu mmoja ukiwa tayari juu ya ngazi ya lori, alinigeukia mimi niliyekuwa nimesimama bila kazi, mikono mifukoni.

"Kibali bado?"

"Wanasema siku chache."

"Basi usikae bure." Akaonyesha kwa kidevu kizingiti cha mlango wake. Palikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi. "Andika namba za mtaa huu. Kubwa, mtu azione toka barabarani."

"Nianze na mlango wako?"

"Milango utaifanya baadaye. Anza na viwanja vitupu."

Alipanda, mlango wa lori ukafungwa, madebe yakagongana nyuma kama watu wanaogombea kuaga. Lori liliondoka na kupita vifusi, likafika konani, kwenye duka la vipuri. Mkono mmoja ulitoka dirishani, ukiwa na yai. Kisha likakata kona.

Mimi, ambaye miaka yote ndiye huondoka, nilibaki na kopo mkononi. Mama mshonaji aliniuliza kama nitakunywa chai kwanza. Nikamwambia nikirudi. Nilitembea mpaka kwenye vifusi, nikachagua jiwe bapa lililo kando ya njia, nikalifuta vumbi kwa kiganja, nikachuchumaa, nikaandika saba.